Gramu Kumi na Tano

Mwalimu Ejang alinijia na tairi la tatu mwaka huu,
amelilaza butini juu ya gunia kama mgonjwa.
Wachina wananiibia, akasema.
Hapana, Mwalimu. Gari lako
linakula viatu vyake lenyewe.

Pitisha kiganja hapa, kutoka ndani kwenda nje: laini.
Sasa rudi. Umeona?
Kama kumpapasa samaki kinyume cha magamba.
Magurudumu yako ya mbele yamepeana visogo,
kila moja linataka barabara yake,
nawe umekaa katikati, unayashikilia
kutoka hapa Lira mpaka Kamdini.
Ndiyo maana bega la kulia linakuuma usiku.

Akaniuliza nani kaniambia habari za bega.

Sina mashine yenye taa na kioo.
Nina uzi wa kuvulia samaki, vyuma vinne, chaki,
na futi iliyofutika namba za mwanzo,
kwa hiyo napima kuanzia kumi, kisha natoa kumi.
Odur, kijana wangu, hushika ncha ya pili,
amefumba jicho moja, ulimi nje.
Mbele ya tairi paingie ndani kuliko nyuma,
milimita tatu tu:
punje ya ufuta, Odur, siyo ya karanga.
Nati ya tairodi ilikataa.
Nikainywesha mafuta ya taa, nikaibembeleza kwa nyundo,
robo mzunguko, ikakubali.

Hiyo ni njia. Bado mtetemeko.

Nikalitundika gurudumu kwenye ekseli kuukuu
niliyoisimika ukutani, nikalizungusha, nikaliacha.
Upande mzito haujui kujificha,
kila mara hutulia chini.
Nikapaza sauti: Odur, leta risasi!
Leta mbili!

Mwalimu akasimama kutoka kwenye benchi.
Mkoba kifuani.

Ufundi huu niliupata Nakuru, pamoja na maneno yake.
Huko risasi ni risasi tu,
ya betri, ya bomba, ya rimu.
Hapa kwetu Kiswahili kilifika usiku, kimevaa buti,
kikabisha hodi kwa kitako cha bunduki,
na neno hilo lilikuwa miongoni mwa machache
ambayo watoto darasani mwake
waliyaelewa bila kufundishwa.
Nilisahau.
Miaka kumi na moja ya Nakuru humsahaulisha mtu.

Nikamwekea moja kiganjani:
kipande cha kijivu, kidogo kama jino la mbuzi,
gramu kumi na tano, imeandikwa mgongoni.
Akaipima kwa muda mrefu.
Ni nzito kuliko inavyoonekana, akasema.
Ndiyo kazi yake, Mwalimu.
Tunaiweka upande ulio mwepesi.
Akanirudishia. Akaketi. Akaomba maji.

Jioni tukatoka naye barabara ya Kamdini,
mwendo wa themanini. Nikamwambia, achia usukani.
Hakuachia.
Aliinua kidole kimoja, kisha vinne,
vidole gumba vikabaki vimeng'ang'ania.
Gari likaendelea kunyooka,
likawapita wauza mihogo, likaipita shule yenye paa jipya,
halikwenda kulia, halikwenda kushoto.
Mwalimu alikuwa akitazama mbele
kama mtu anayesikiliza kitu kilichoacha kulia.

Disemba amerudi. Niliinama, nikapapasa:
laini kwenda, laini kurudi,
nywele za mpira wa kiwandani bado zipo pembeni.
Tairi hizi zitakuzika wewe na mimi, nilimwambia,
kisha nikajuta kwa mzaha ule.
Ila rimu ya mbele kushoto
ilikuwa na doa safi, lisilo na vumbi, ukubwa wa kucha.

Mwalimu, risasi moja imeanguka.
Wapi?
Sijui. Mahali fulani kati ya hapa na Kamdini.

Akalitazama lile doa.
Imempata mtu?
Hapana.
Basi weka nyingine.